Hilux ya dizeli inayopandisha na kushusha sailensa: shajara ya matengenezo

Gari ni Toyota Hilux LN106 ya mwaka 1994, kabini mbili, yenye injini ya dizeli ya 3L. Hiyo 3L ni jina la injini tu. Ujazo wake ni cc 2,779, silinda nne. Pampu ya injekta, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli, ni ya aina ya VE, ya kizamani, isiyo na kompyuta. Umeme pekee unaoihusu kuwaka na kuzima ni waya wa solenoidi ya kuzimia, yaani valvu ya umeme inayokata mafuta. Linafanya kazi Njombe, kutoa viazi mashambani na kuvipeleka Makambako.

Naandika hatua kwa hatua, pamoja na gharama, kwa sababu ukipeleka dizeli la zamani gereji na kusema sailensa (mwendo wa injini usipokanyaga mafuta) inacheza, jibu la kwanza karibu kila mahali ni "pampu imekufa". Pampu ndiyo kifaa ghali kuliko vyote kwenye mfumo wa mafuta wa gari hili, na ndiyo inayopaswa kuguswa mwisho.

## 1 Juni 2024: Dalili, kabla ya kugusa kitu

Asubuhi linachelewa kuwaka. Starta inazungusha weee, linakohoa, linawaka kwa moshi mweupe kidogo, kisha linatetemeka hadi kioo cha pembeni hakionyeshi kitu. Baada ya dakika moja hivi sailensa inaanza kupanda na kushuka: mizunguko 650 kwa dakika, 900, 650, 900, kwa mpigo uleule, kila duru kama sekunde mbili. Ukikanyaga kidogo hadi 1,200 kupanda na kushuka kunakwisha. Barabarani husikii tatizo, ila kwenye mlima mrefu likiwa na mzigo linalegea.

Kuna mambo mawili madogo niliyoyaandika siku ya kwanza, na mwishoni ndiyo yaliyokuwa na jibu. La kwanza: likilala limeegeshwa pua ikitazama juu, kuwaka kunakuwa shida zaidi. La pili: ukibonyeza ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya mafuta mpaka iwe ngumu, halafu ukapiga starta, linawaka papo hapo.

Ya kawaida yalikaguliwa na yote yako sawa: gloplagi (plagi za kupasha joto silinda kabla ya kuwasha) zote nne zinapata moto, filta ya hewa safi, mauntini za injini hazijachanika, waya wa solenoidi umekaza. Klirensi za valvu zimepimwa injini ikiwa baridi na zimo ndani ya kipimo, yaani 0.20 hadi 0.30 mm kwa za kuingiza na 0.40 hadi 0.50 mm kwa za kutolea moshi.

## 5 Juni: Filta mpya, na skrubu ya sailensa

Filta mpya ya mafuta, sh 18,000. Ya zamani tuliikata kwa msumeno: nyeusi lakini haijaziba, na maji hayakuwepo. Hakuna kilichobadilika.

Watu wawili walisema mafuta yamechakachuliwa. Ni shaka halali. Mchezo wa kuchanganya dizeli na mafuta ya taa uliwahi kuwa mkubwa nchini kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Nikachukua dizeli ya tangini kwenye chupa ya maji iliyo safi, nikaiacha ilale usiku mzima. Asubuhi ilikuwa rangi moja juu mpaka chini, bila tabaka la maji wala uchafu. Chupa haiwezi kuonyesha mafuta ya taa, ila inaonyesha maji na taka, na hivyo havikuwemo. Gari nalo linajazwa kituo kimoja ambacho magari mengine ya jirani yanajaza bila shida.

Fundi akapandisha skrubu ya sailensa mpaka 1,000. Kupanda na kushuka kukajificha, gari likasikika zima. Hii ni dawa inayotolewa sana na haiponyi. Sailensa ikiwa juu hivyo gari linakusukuma ukiwa gia ya kwanza kwenye utelezi, gia ya rivasi inagonga kuingia, na tatizo lenyewe linaendelea kukua bila wewe kulisikia. Nilikuwa nimeweka alama ya rangi ya kucha kwenye skrubu na nati yake kabla hajaigusa, kwa hiyo kuirudisha palepale ilikuwa kazi ya dakika moja. Wekeni alama kabla ya mtu yeyote kugusa skrubu yoyote ya pampu.

Gharama mpaka hapa: 18,000.

## 11 Juni: Nozeli

Kutetemeka kulikuwa na mdundo, tk-tk-tk-pwa, kama silinda moja haifanyi kazi. Jinsi ya kuitafuta bila kufungua kitu: injini ikiwa sailensa, legeza kwa spana ya 17 nati ya bomba la nozeli moja, nusu duru tu, dizeli ivuje pale juu badala ya kuingia. Silinda iliyo nzima ukiilegezea, injini inaanguka mwendo na kutetemeka zaidi. Iliyo mbovu ukiilegezea, injini haijali. Kaza, nenda inayofuata. Ya kwanza, ya pili na ya nne ziliangusha injini. Ya tatu haikubadilisha kitu.

Vaa miwani, zungushia nati kitambaa, na usiweke kidole mbele ya dizeli inayotoka kwenye bomba hilo. Ina shinikizo la kupenya ngozi, na ikishaingia mwilini ni jambo la kukimbilia hospitali, hata kama kidonda kinaonekana kama cha sindano.

Nozeli zote nne zilipelekwa kupimwa kwenye mashine. Kwa injini hii nozeli iliyokwisha kutumika inatakiwa kufunguka kwenye shinikizo la kati ya kilo 105 na 125 kwa sentimita ya mraba. Tatu zilisoma 112, 115 na 110, zikipuliza ukungu mzuri. Ya silinda ya tatu ilifunguka kwenye 92 na ilikuwa inadondosha. Ukiitazama kwenye mashine unaliona tone linajikusanya kwenye ncha, linanenepa, linaanguka, kabla hata ya mkono wa mashine kufika mwisho. Tone hilo ndani ya silinda ndilo lilikuwa moshi mweupe wa asubuhi.

Ncha mpya ya nozeli, shimu nene kidogo ndani kuongeza shinikizo hadi 116, washa mpya kwenye zote nne (hizo hazirudiwi, zikitolewa zinatupwa).

Matokeo: kutetemeka kumekwisha kabisa, kioo cha pembeni kimetulia. Lakini sailensa bado 650, 900, 650, 900, vilevile kama mwanzo. Na kuwaka asubuhi bado ni shida.

Hapa ndipo palipo na somo kubwa la kazi yote, kwa hiyo nalieleza taratibu. Pampu ya VE ina pistoni moja tu ndani yake, na pistoni hiyo ndiyo inayogawa mafuta kwa silinda zote nne kwa zamu. Nozeli ikiwa mbovu inaumiza silinda yake peke yake, kwa hiyo unapata mtetemo wenye mdundo. Mafuta yakiwa na kasoro kabla ya kufika kwenye pistoni, silinda zote zinaumia pamoja, kwa hiyo injini nzima inapanda na kushuka. Gari langu lilikuwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja, na kila mtu aliyelisikiliza alikuwa anatafuta moja.

Gharama: kupima 40,000, ncha 35,000, washa 6,000, kazi 30,000. Jumla 111,000. Jumla mpaka sasa 129,000.

Fundi akasema, "Basi bosi, iliyobaki ni pampu tu." Bei ya kuifungua na kuipima Mbeya ilitajwa kuwa 650,000, vifaa mbali.

## 15 Juni: Dumu juu ya gari

Kabla ya kulipa laki sita na nusu, pampu ilistahili kuhojiwa. Jaribio lenyewe halina gharama: mnyang'anye pampu tangi, filta na mabomba yote ya gari, umpe mafuta safi moja kwa moja, uone inafanyaje.

Dumu safi la lita 10, dizeli iliyochujwa kwa kitambaa, likafungwa kwa kamba juu ya kabini, mbali na ekzosi na mbali na feni. Mpira mmoja kutoka dumuni hadi mdomo wa pampu unaoingiza mafuta, ukishanyonywa na kujaa. Mpira wa pili kutoka mdomo wa marejeo kurudi dumuni. Huu wa pili watu wanausahau, halafu wanashangaa dumu limekauka baada ya muda mfupi na tangi limeongezeka mafuta. Pampu hii inavuta mafuta mengi kuliko inayochoma, yanayobaki yanazunguka kuipoza na kurudi.

Tukawasha. Likacheza kidogo kwa nusu dakika hivi, hewa iliyobaki ndani ikitoka kwa njia ya marejeo, kisha mshale ukasimama kwenye 750. Nikaliacha likinguruma huku nikinywa chai. Mshale haukutikisika. Nikazima, nikaliacha lipoe, nikawasha tena: liliwaka mguso wa kwanza.

Pampu nzima. Gavana nzima. Kilichoharibika kiko kati ya tangi na pampu.

Sasa kwa nini mafuta yenye kasoro yanapandisha na kushusha sailensa kwa mpigo ule wa saa? Ndani ya pampu kuna gavana, vyuma vidogo vinavyozunguka na kutanuka kadiri mwendo unavyoongezeka, vikishindana na springi. Mwendo ukizidi, vyuma vinatanuka na mafuta yanapunguzwa. Mwendo ukishuka, springi inashinda na mafuta yanaongezwa. Kiputo cha hewa kikiingia kwenye pistoni, hewa inabanwa badala ya kusukuma nozeli ifunguke, na injini inakosa mlipuko. Mwendo unashuka, gavana inaongeza mafuta, na mara mafuta mazima yanafika yakiwa mengi, injini inaruka, gavana inabana, injini inaanguka, kiputo kingine kinafika. Gavana inafanya kazi yake sawasawa, ila inatii taarifa mbaya. Ukiifungua na kuikarabati na kuirudisha kwenye mabomba yaleyale, itaendelea kutii taarifa ileile, nawe utakuwa umelipa.

## 18 Juni: Mpira wa levo

Hilux hii haina pampu ya umeme tangini. Pampu ya injekta yenyewe ndiyo inayovuta mafuta kutoka nyuma ya gari hadi mbele. Maana yake bomba lote hilo liko kwenye mvuto, na tundu kwenye bomba linalovuta halidondoshi mafuta nje, linaingiza hewa ndani. Ndiyo maana kila fundi aliyelala chini ya gari akitafuta pameloa aliinuka akisema hapavuji. Pakavu kabisa, na bado panavuja.

Injini ikizimwa mvuto unakwisha, hewa inapanda, mafuta yanateremka kurudi tangini taratibu usiku kucha. Ndiyo shida ya kuwaka asubuhi, na ndiyo sababu pua ikiwa juu hali inakuwa mbaya zaidi. Baridi ya Juni hapa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, inaongeza: dizeli baridi ni nzito, pampu inaivuta kwa nguvu zaidi, na hewa inapata hamu zaidi ya kuingia.

Kifaa cha kuiona hewa hiyo kinapatikana duka la vifaa vya ujenzi: mpira mweupe unaopitisha mwanga, ule mafundi wa nyumba wanaoutumia na maji kupimia levo. Mita moja sh 3,000, na klipu mbili 2,000. Chagua wenye tundu la 8 mm.

Niliukata kipande cha urefu wa kiganja na kukifunga kati ya filta na pampu. Nikawasha. Kwa sekunde chache dizeli ilipita safi, ya rangi ya chai ya rangi iliyopauka. Kisha vikaanza kuja: viputo vya ukubwa wa punje ya ulezi, vimejipanga juu ya ukuta wa mpira, vikitembea kwa mwendo wa kusitasita kuelekea kwenye pampu. Kila vikijikusanya na kuwa kimoja kirefu kama cha nusu sentimita, kinaingia, na nusu sekunde baadaye injini inaanguka. Nilimwita fundi aje aone. Alikaa akiangalia mpira na kusikiliza injini, akaacha kuzungumzia pampu.

Kazi iliyofuata ilikuwa kukata eneo la kutafuta. Mpira ukahamishwa upande wa pili, kati ya bomba la tangi na filta: safi, hakuna kiputo. Kwa hiyo hewa inaingia kwenye kichwa cha filta chenyewe, pale yalipo pampu ya mkono, oringi ya filta na plagi ya chini ya kutolea maji. Nikarudisha mpira baada ya filta, nikapaka grisi nzito sehemu moja moja huku injini ikiwaka. Plagi ya maji: viputo viko palepale. Oringi: viko palepale. Kuzunguka shina la pampu ya mkono: viputo vikapungua mpaka kimoja kimoja, na sailensa ikatulia kwa kadiri ya dakika mbili mpaka grisi iliponyonywa ndani.

Ndani ya pampu hiyo ya mkono kuna raba. Miaka 30 ya kubonyezwa na joto la injini inatosha kuipasua.

Jumla mpaka sasa: 134,000.

## 22 Juni: Kichwa cha filta, mipira na washa

Kichwa kipya cha filta chenye pampu yake, kisicho orijino, 65,000. Orijino ilikuwepo Dar es Salaam, Gerezani, kwa bei zaidi ya mara mbili, na usafiri juu. Niliamua hiki kwanza.

Kwa kuwa mikono ilikuwa tayari michafu tulibadilisha mipira yote ya mafuta inayofikika, kuanzia juu ya chesisi hadi kwenye pampu: mita nne za 8 mm, 24,000, na klipu 12 za skrubu, 12,000. Mipira ya zamani ilionekana mizima ukiitazama, lakini ukiikunja inafungua nyufa ndogondogo pale inapovaa bomba. Nunua mpira ulioandikwa kwamba ni wa mafuta. Ule wa maji wa rejeta unavimba ukikutana na dizeli na kuwa laini ndani ya miezi michache.

Washa nne za kopa kwenye bolti mbili za tundu za pampu (bolti zenye uwazi ndani wa kupitisha mafuta), ya kuingiza na ya marejeo, 4,000. Ukizikosa dukani, za zamani zinaweza kurudiwa: zichome kwenye jiko mpaka ziwe nyekundu, zitumbukize kwenye maji, zinarudi kuwa laini. Kazi ya siku nzima 30,000.

Hapa pakatokea jambo lililotupotezea mchana. Baada ya kufunga kila kitu na kubonyeza pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu, gari liliwaka kwa shida, likatoa moshi mweupe mwingi, na ukikanyaga linakataa kupanda mwendo. Baya kuliko siku ya kwanza. Mpira wa levo ulionyesha mafuta safi yasiyo na kiputo hata kimoja, kwa hiyo hewa haikuwa mshitakiwa tena.

Bolti mbili za tundu zilikuwa zimebadilishana nafasi. Kwa nje zinafanana, spana ni ileile, uzi ni uleule. Lakini ya marejeo ina neno OUT limepigwa mhuri kichwani, na tundu lake la ndani ni dogo sana, la kupitisha sindano tu. Udogo huo una kazi: unazuia mafuta yasirudi ovyo, ili shinikizo lijengeke ndani ya pampu, na shinikizo hilo ndilo linalosogeza taimingi ya kuchoma kadiri mwendo unavyoongezeka. Ukiifunga upande wa kuingiza, pampu inashindwa kupata mafuta ya kutosha, na wakati huohuo bolti ya kawaida iliyoko kwenye marejeo inayamwaga yale machache yaliyoingia. Taimingi inachelewa, moshi unakuwa mweupe, nguvu zinakwisha.

Tulizibadilisha, tukabonyeza tena, tukawasha. Mshale 750, umesimama. Bolti ya OUT sasa ina alama ya rangi nyekundu ambayo kijana yeyote wa gereji ataiona. Kama gari lako limewahi kufunguliwa pampu na tangu hapo halina nguvu, hicho ndicho kitu cha kwanza kukitazama, na kukitazama ni bure.

Gharama ya siku: 135,000. Jumla 269,000.

## 13 Julai: Imerudi, lakini kwa masharti

Wiki zote hizi gari lilikuwa zima. Linawaka mguso wa kwanza hata asubuhi za barafu shambani. Halafu jana jioni, likirudi kutoka Makambako bila mzigo, sailensa ikaanza tena, polepole, 700 hadi 800. Leo asubuhi limesumbua kuwaka.

Mpira wa levo ukarudishwa baada ya filta: viputo. Ukahamishwa kabla ya filta: viputo pia. Mara hii hewa inatoka nyuma ya gari.

Nikaangalia geji: tangi liko chini ya robo. Tangu matengenezo lilikuwa halijashuka chini ya nusu kwa sababu ya safari za karibu. Nikamimina lita 30 za dizeli, nikawasha, nikaangalia mpira. Viputo vikapungua, vikakoma.

Hiyo ina maelezo moja tu yanayoingia akilini. Ndani ya tangi kuna bomba linaloshuka kutoka juu mpaka chini, ndilo linalonyonya. Kama lina tundu la kutu katikati, tangi likiwa limejaa tundu liko ndani ya dizeli na linanyonya dizeli, hakuna anayejua. Mafuta yakishuka chini ya tundu, linanyonya hewa. Dumu lisingeonyesha hili peke yake, wala grisi isingefika.

Dereva mmoja wa lori wa hapa mjini alinisikiliza akasema, "Wewe jaza tu tangi muda wote." Kwa anayefanya biashara ya mzigo, dizeli iliyokuwa sh elfu tatu na zaidi kwa lita mwaka huo wa 2024, kutembea na nusu tangi usiloweza kulitumia ni kulala na fedha chini ya godoro. Na tundu la kutu huwa halibaki ukubwa uleule.

## 20 Julai: Kushusha tangi

Mafuta yalitolewa kwanza karibu yote, kwa sababu tangi lililojaa linaweza kumvunja mtu mkono. Bolti za mkanda wa tangi ziligoma, kama inavyotarajiwa. Zililowekwa mafuta ya kulegezea tangu usiku wa jana, na moja bado ilikatwa.

Juu ya tangi kuna sahani ndogo ya chuma iliyoshika bomba la kunyonya na la marejeo. Kabla ya kuifungua safisha pale juu kwa brashi na upepo, vinginevyo udongo wa miaka yote unaangukia ndani. Bomba lilipotoka lilionekana zima. Tukaliziba kidole chini, tukaliingiza kwenye ndoo ya maji, tukapuliza juu. Kutoka sentimita chache chini ya katikati, uzi mwembamba wa viputo ukapanda. Tundu lenyewe ukilitafuta kwa jicho ni doa jeusi la kutu lisilozidi ncha ya kalamu, na ukipapasa kwa ukucha ukuta wa bomba hapo unabonyea.

Bomba lilipelekwa mbali na tangi, likasuguliwa mpaka chuma cheupe, na kuchomewa kwa gesi na fimbo ya shaba. Usimruhusu mtu achomee chochote kikiwa bado kwenye tangi, hata tangi likiwa tupu. Mvuke uliobaki ndio unaolipuka. Likapimwa tena kwenye ndoo: kimya. Chujio la chini lilisafishwa, na tangi likasuuzwa kwa lita tano za dizeli mpaka uchafu ukaacha kutoka.

Kushusha na kupandisha tangi 50,000, kuchomea 15,000, gasketi na bolti 8,000. Jumla ya siku 73,000.

## 2 Septemba: Hali ya sasa na hesabu

Nililiacha tangi lishuke makusudi mpaka taa ya mafuta ikawaka, mara zaidi ya moja. Sailensa 750 ikiwa moto, mshale hauchezi. Pua juu, pua chini, linawaka bila kuguswa pampu ya mkono. Kwenye mpando wa kutoka Makambako likiwa na mzigo, gia ya nne inashika pale ilipokuwa inaomba ya tatu.

Jumla yote ni sh 342,000. Nozeli ya silinda ya tatu ilikuwa mbovu kweli, kwa hiyo ile 111,000 ingetoka tu. Filta ya 18,000 ilikuwa imekaribia muda wake. Ukiondoa hizo, ugonjwa wa hewa wenyewe umegharimu 213,000, ambapo sehemu kubwa ni kichwa cha filta na kazi ya tangi. Ningeanza leo ningetanguliza dumu na mpira wa levo, kwa sababu vyote viwili kwa pamoja ni sh 5,000 na mchana mmoja, halafu ndiyo nifungue mfuko kwa jambo lingine.

Mpira wa levo nimeutoa na kurudisha wa mafuta. Usiuache kwenye gari: dizeli na joto vinaufanya mgumu na wa manjano, na ukipasuka utakuwa umejiwekea mwenyewe tundu jipya la hewa. Kipande chenyewe kimo kwenye kisanduku cha spana pamoja na klipu zake.

Kichwa cha filta kisicho orijino nakiangalia kila ninapobadili filta. Mpaka sasa raba yake ni laini na haina ufa. Ikianza, nitaagiza ile ya Gerezani na kuandika hapa imedumu muda gani.